Kikonyo kwanza, kisu baadaye: shajara ya kitalu cha nyumbani

Mwezi wa kwanza

Miti ya mradi huu ni mwembe, mparachichi, mkorosho, makadamia na mchungwa. Mkomamanga na mpera nimeiongeza pembeni kwa sababu haisumbui, na kitalu kisicho na kitu cha kuota upesi humkatisha mtu tamaa.

Miche tu si shida. Mbegu zinaota hata kwenye shimo la taka. Ninachotaka ni mche ninaojua utazaa nini, na hapo ndipo mbegu zinapotofautiana. Kuna kokwa ya embe yenye kiini-tete kimoja, mtoto wa baba na mama, na mtoto huyo hufuata njia yake mwenyewe. Kuna nyingine inayotoa miche mitatu au minne kwa pamoja, na mingi kati ya hiyo haikutokana na chavua hata kidogo. Imechipuka kwenye nyama ya mama ndani ya mbegu, kwa hiyo inarudia tabia za mama yule yule. Machungwa na malimau hufanya hivyo pia. Parachichi, korosho na makadamia hazina fadhila hiyo: kila mbegu ni bahati nasibu.

Bahati nasibu yenyewe imewahi kulipa. Embe la Haden lilitokana na mbegu ya Mulgoba iliyopandwa Florida mwaka 1902. Rudolph Hass, aliyekuwa akisambaza barua huko California, alipanda mbegu za parachichi miaka ya 1920 ili apate mashina ya kubebeshea aina ya Fuerte, yaani kuunga kitawi cha Fuerte juu ya shina la mche mwingine. Mche mmoja ulikataa kila kikonyo, yaani kitawi, alichoubebesha, akauacha ujiotee. Ndio uliozaa lile tunda la ngozi nene ya vipele inayogeuka nyeusi likiiva, akalipatia hataza mwaka 1935. Mti ule ulikufa mwaka 2002 kwa ugonjwa wa kuoza mizizi, lakini kila mti wa Hass uliopo leo duniani umetokana na matawi yake, yakibebeshwa kizazi hadi kizazi juu ya mizizi ya miti mingine. Hadithi tamu, ila mimi sina ardhi ya kulea miche mia moja kwa miaka saba au kumi nikingoja mmoja wenye bahati. Nitabebesha. Mbegu zitanipa mizizi, matawi ya miti ninayoijua yatanipa matunda.

Kupanda kwenyewe. Kokwa za embe nimezifungua ubavuni kwa mkasi wa kupogolea, nikatoa mbegu ya ndani na kuikagua kama ina tundu la fukusi. Ganda lile gumu likibaki, mche hutoka umepinda shingo. Mbegu inalazwa upande wenye kibiongo ukitazama juu, na udongo wa kuifunika tu. Isikaushwe: mbegu ya embe ikikauka imekufa, na hata ikitunzwa vizuri haivumilii kukaa wiki nyingi. Parachichi ni hivyo hivyo.

Mbegu za parachichi nimezichovya kwanza kwenye maji ya moto ya nyuzijoto 49 hadi 50 kwa dakika 30, kipimajoto kikiwa ndani ya sufuria muda wote, kisha nikazipoza kwenye maji safi. Huu ndio ulinzi dhidi ya Phytophthora, kimelea kile kile kinachoozesha mizizi. Joto likipungua, kimelea kinabaki. Likizidi, unapika mbegu. Baada ya hapo nimemenya ngozi ya kahawia na kuzipanda sehemu pana ikiwa chini.

Korosho nimezitumbukiza kwenye maji na kuziacha zilizoelea. Zilizozama zimelala majini usiku kucha, zikapandwa sehemu ya kikonyo chake ikiwa juu. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuzipasua kwa meno kutafuta kiini. Makadamia nazo zimeloweshwa, zikalazwa ubavu bila kupasuliwa. Ganda lile likipasuliwa mapema, mbegu huoza.

(Neno kikonyo litatumika sana huko mbele kwa maana ya kitawi cha kubebeshea. Kwenye korosho hapo juu ni kile kishikizo chake na bibo.)

Viriba ni virefu, si vipana. Mkorosho na mparachichi hushusha mzizi mkuu haraka sana, na mzizi ukigonga kitako ukajikunja, mti utakaa na mkunjo huo maisha yake yote.

Mwezi wa pili

Embe na korosho zimetangulia, zote ndani ya wiki tatu hivi. Limau, nilizozipanda ili zinipe mashina ya kubebeshea mchungwa, zinafuata. Parachichi zimepasuka katikati na kutoa mzizi, juu bado kimya. Makadamia hakuna kitu, na sizichimbui kuzichungulia; zinaweza kuchukua hata miezi mitatu.

Kwenye trei ya limau kinyausi kimepita. Miche inaanguka usiku mmoja, shina limenyongeka pale linapogusana na udongo. Dawa niliyoitumia ni hewa: nimeing'oa iliyoanguka pamoja na udongo wake, nikapunguza msongamano, nikatandaza mchanga mkavu juu na kumwagilia asubuhi tu ili jioni uso wa udongo uwe umekauka. Uenezi umesimama.

Ndani ya trei hiyo hiyo nimechambua miche ya limau kwa macho. Inayofanana urefu, majani na miiba ndiyo nakala za mama, na ndiyo nitakayoibakiza kwa ajili ya mashina, kwa kuwa shina linalofanana na mwenzake hubeba mti unaofanana na mwenzake. Ule mmojammoja uliodumaa au wenye majani ya ajabu mara nyingi ndio mtoto wa chavua. Unatupwa.

Mwezi wa tatu

Mwezi huu kitaluni nimemwagilia tu. Kazi imekuwa juu ya miti mizazi, nami naiandika kwa urefu kwa sababu maelekezo mengi ya kubebesha huanzia kwenye kisu: kata hivi, chonga hivi, funga hivi. Mkono ukishazoea, kukata ni jambo la dakika chache. Kinachoamua kama kikonyo kitaishi ni hali yake siku inapotengana na mti.

Fikiri kikonyo kilivyo baada ya kukatwa. Hakina mizizi ya kukipa maji wala majani ya kukitengenezea chakula. Kitaishi kwa akiba ya wanga iliyomo ndani yake mpaka seli za pande mbili zitakaposhikana na mishipa mipya kuungana, jambo linaloweza kuchukua wiki tatu au zaidi. Kikiwa kichanga mno, akiba ni ndogo na kitanyauka. Kikiwa kimeshachipua, akiba imeshatumika kwenye majani mapya. Unachotaka ni kitawi kilichokomaa, macho yake yamevimba na yako karibu kupasuka, lakini hayajapasuka.

Mwembe unasaidia sana hapa kwa sababu unakubali kuchokozwa. Nimechagua ncha za matawi ya juani, zenye unene kama wa penseli, za ukuaji uliopita na si za ule wa sasa wenye majani laini mekundu. Nimekata majani yote nikibakiza vikonyo vya majani, kisha nikaondoka. Baada ya wiki moja hadi siku kumi vile vikonyo vya majani huanguka vyenyewe ukivigusa, na jicho la nchani limetuna. Hapo ndipo unakata, na siku hiyo hiyo unabebesha. Mti umeshafanya nusu ya kazi.

Mwanangu alinikuta nimeukwanyua mwembe majani akauliza, "Baba, huo mti umekukosea nini?" Sikuwa na jibu fupi.

Kwa mkorosho mambo ni yale yale; embe na korosho ni ndugu wa familia moja ya mimea, wanashiriki hata utomvu unaowasha. Tofauti ni kwamba mkorosho ukiwa kwenye maua, ncha zake karibu zote ni za maua, nazo hazifai. Lazima utafute matawi ya pembeni ambayo hayajatoa maua.

Mparachichi nimeukata ncha ya chipukizi tu, kiasi cha ukucha. Ncha ikiondoka, macho ya pembeni yaliyokuwa yamezuiwa nayo huanza kuvimba.

Mwezi wa nne

Korosho zimebebeshwa, embe pia. Miche ya korosho ina umri wa miezi miwili na kitu na shina lake la juu bado ni laini, la kijani linaloelekea kahawia. Huo ndio umri mzuri. Likishakuwa mti mgumu, mshikano unakuwa wa shida.

Njia niliyotumia kwa yote ni ya mpasuko. Mche unakatwa kichwa, shina linapasuliwa katikati kama sentimita 3 au 4 kwenda chini, kikonyo kinachongwa pande mbili kiwe kabari ya urefu huo huo, kinashushwa humo. Utando mwembamba wa kijani chini ya gome, kambiamu, ndio unaounga. Mti wa katikati hauungi kitu. Kwa hiyo kikonyo chembamba kuliko shina hakiwekwi katikati. Kinasogezwa upande mmoja mpaka gome likutane na gome, ule upande wa pili uachwe. Kisha mkanda wa nailoni unaovutika, kuanzia chini kwenda juu kama vigae vinavyolaliana ili maji yasipenye, na kifuko kidogo kisichopitisha hewa juu ya kikonyo kisikauke.

Kisu ni wembe mpya, umepanguswa kwa spiriti kila baada ya mche. Vidole havigusi sehemu iliyochongwa. Utomvu wa embe unatoka mwingi, na nimeuacha uchuruzike kidogo na kuupangusa kabla ya kufunga.

Miche yote iko chini ya kivuli. Baada ya hapo ni kutofanya kitu. Nimeona watu wakifungua kifuko kila asubuhi kuangalia, na kila asubuhi unyevu unatoka.

Mwishoni mwa mwezi: vikonyo vya embe vilivyonyang'anywa majani mapema vimechipua kwa wingi, vifuko vimejaa majani mekundu. Vichache vimekauka kuanzia nchani. Kwenye korosho hasara ni kubwa zaidi, na nyingi iko kwenye vikonyo vyembamba vya matawi ya ndani ya mti, yaliyokosa jua. Tawi la kivulini halina akiba. Hilo halirekebishwi na ufundi wa kufunga.

Mwezi wa sita

Parachichi zimebebeshwa kwa mpasuko huo huo, mashina yakiwa na unene wa milimita 6 hadi 8. Sina cha kuongeza. Mparachichi ni mpole.

Machipukizi ya chini ya kiungo yanaondolewa kila yanapotokeza, kwa kidole, yangali laini. Hayo ni ya shina, si ya kikonyo, na yana nguvu kuliko kikonyo kwa sababu mizizi ni yake. Ukiyaacha mwezi mmoja utakuwa unamwagilia mti ambao hukuupanga.

Komamanga: vipande vya matawi yaliyokomaa, sentimita 20 hadi 25, theluthi mbili ndani ya mchanga wenye mboji kidogo, macho yakitazama juu. Vimeota.

Mpera ndio umenifurahisha. Vipandikizi vyake vya mti mgumu huota kwa shida, basi tawi nimelitilia mizizi likiwa bado mtini. Unachuna pete ya gome yenye upana wa sentimita 2 au 3 kuzunguka tawi lote, unakwangua ule utando wa kijani mpaka ubaki mti mweupe mtupu, unafunika kwa fumba la udongo mwepesi wenye unyevu (kuvumwani, vile vijimea laini vya mahali penye unyevu, ni bora ukivipata), unafunga kwa nailoni na kukaza ncha zote mbili. Maji hupanda kupitia mti wa ndani, kwa hiyo majani hayanyauki. Sukari inayotengenezwa majanini, pamoja na homoni ya auksini itokayo nchani, hushuka kupitia gome, na gome halipo. Vinarundikana ukingoni mwa pete, na hapo ndipo mizizi hutokea. Kuukwangua ule utando si urembo: ukibaki hata uzi mmoja, gome hujiunga tena na mizizi haiji.

Nimeandika haya yote kuhusu mpera kwa sababu ya makadamia.

Mwezi wa tisa

Matawi ya mpera yamekatwa chini ya fumba, mizizi myeupe ikionekana kupitia nailoni, yakaingia viribani na kupunguzwa nusu ya majani. Yamesimama.

Sasa machungwa. Mashina ya limau yamefikia unene wa penseli, na gome linaachia: ukilichana kwa wembe linabanduka bila kung'ang'ania. Lisipobanduka, subiri, mwagilia, rudi baadaye. Hapa hakitumiki kikonyo kizima bali jicho moja, linaloingizwa kwenye mchano wa umbo la T. Kitawi cha macho kiwe cha mviringo. Chipukizi changa la mchungwa lina pembe, na macho yake hayajakomaa. Jicho linabanduliwa pamoja na kipande cha gome umbo la ngao, likishikwa kwa kile kikonyo cha jani kilichobakizwa.

Kikonyo hicho cha jani ndicho kitakuambia matokeo. Baada ya wiki mbili au tatu, kikianguka kwa kuguswa na jicho chini yake ni kijani, jicho linaishi. Kikikauka na kung'ang'ania, limekufa. Rudia upande wa pili wa shina.

Nimeyaweka macho sentimita 20 na zaidi kutoka kwenye udongo. Limau kama shina lina mizizi ya nguvu, lakini gome la mchungwa likirushiwa matope na mvua hushikwa na Phytophthora na kuanza kutoa gundi. Kimo kinasaidia kuliko dawa yoyote.

Na mti wa kuchuma macho lazima uwe na afya unayoiamini. Virusi vya tristeza husafiri ndani ya macho kama abiria, na ugonjwa wa majani ya mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za jani nao hubebwa hivyo hivyo. Nimepita mchungwa mmoja wenye matunda matamu ajabu bila kuchukua hata jicho, kwa sababu ya mabaka hayo.

Sisimizi wameanza kupanda miche ya machungwa. Wanafuga vidukari kwenye majani mapya. Nimewatibu vidukari kwa maji ya sabuni, na sisimizi kwa kuziinua trei juu ya miguu iliyosimama ndani ya makopo ya maji.

Mwezi wa kumi na tatu

Makadamia. Miche imechelewa kuota, imechelewa kukua, na sasa ndiyo imefika unene unaofaa. Wala haitaki mbolea ya kuisukuma: mizizi yake, iliyozoea udongo maskini wa mashariki mwa Australia, hunyonya fosforasi kwa pupa, na ikizidishiwa majani hugeuka njano. Nimeipa mboji na matandazo tu.

Kubebesha makadamia kuna sifa mbaya kwa sababu mti wake ni mgumu mno na mshikano ni wa polepole. Akiba ya kikonyo inakwisha kabla kiungo hakijaanza kufanya kazi. Miti ya karanga za ganda gumu kwa jumla ina ubishi huo. Mpekani, kwa mfano, ulichukuliwa kuwa haubebesheki hadi miaka ya 1840, pale Antoine, mtunza bustani aliyekuwa mtumwa kwenye shamba la Oak Alley huko Louisiana, alipofaulu kubebesha miti 16. Aina aliyoizidisha ilikuja kuitwa Centennial baada ya kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876. Jina lake la ukoo halikuhifadhiwa.

Suluhisho la makadamia ni ile pete ya mpera. Nimechuna pete nyembamba ya gome kwenye matawi ya mti mzazi, chini ya sehemu nitakayoikata, na nimeyaacha hivyo kwa wiki sita hadi nane. Hakuna fumba la udongo safari hii. Sukari inayonaswa juu ya pete inageuka wanga ndani ya tawi lenyewe. Matawi mengine ya mti huo huo, ya unene ule ule na jua lile lile, nimeyaacha bila pete kwa ajili ya kulinganisha.

Mwezi wa kumi na tano

Makadamia zimebebeshwa, pete upande mmoja wa kitalu, zisizo na pete upande wa pili, kila kiriba na lebo. Wembe umebadilishwa mara nyingi kuliko kwa miti mingine yote. Mti ule unanoa wembe kinyume.

Embe za mwaka jana ziko juani tangu mwezi uliopita. Nilizitoa chini ya kivuli kwa hatua, asubuhi tu kwanza, kisha hadi adhuhuri. Mikanda ya nailoni imekatwa kwenye miche yote. Ikisahauliwa hukaba shina linaponenepa. Miche miwili ya embe imetoa maua ikiwa bado kiribani. Nimeyakata. Kikonyo cha mti mzima kinakumbuka umri wake, kinataka kuzaa kabla hakijapata mizizi ya kubeba tunda.

Mwezi wa kumi na saba

Upande wenye pete: vikonyo vingi ni kijani na macho yamepasuka, majani yanatoka matatu matatu. Upande usio na pete: vilibaki kijani kwa muda mrefu kiasi cha kunipa matumaini, kisha vikakauka karibu vyote, vichache tu vikitoa chipukizi jembamba. Mkono uliochonga ni ule ule, wembe ule ule, siku ile ile.

Kwa msimu ujao, kila kikonyo cha makadamia kitatoka kwenye tawi lenye pete. Nitajaribu pete hiyo hiyo kwenye mkorosho pia, kwenye matawi ya juani.

Kuhusu parachichi kuna jambo limebaki. Hass ni wa kundi A: ua lake hufunguka asubuhi likiwa jike, linafumba, kisha kesho yake mchana linafunguka likiwa dume. Kundi B hufanya kinyume, jike mchana na dume asubuhi ya siku ya pili. Miche yangu yote ni Hass, na ikipandwa peke yake itachavushwa kwa kubahatisha. Fuerte ni kundi B. Sina nafasi ya mti mwingine mzima, hivyo miche miwili iliyo imara itabebeshwa tawi moja la Fuerte ubavuni. Ncha za mti mzazi nimeshazikata. Macho bado yamelala bapa dhidi ya tawi; yakianza kuachana na gome, nitaleta wembe.